Kamba ya Kuhani Mkuu Iko Mstari Gani? Kuvielewa na Kuvitumia Vitabu vya Ufafanuzi wa Biblia

Miaka kadhaa iliyopita nilihubiri juu ya kuhani mkuu. Nikasimulia kwa madoido yote jinsi alivyofungwa kamba mguuni kabla ya kuingia Patakatifu pa Patakatifu, ili akifia humo kwa sababu ya dhambi, wenzake wamvute nje. Njuga za vazi lake zikinyamaza, nikasema, walio nje wanajua yamekwisha. Kanisa lilitulia tuli, hata watoto waliacha kuchezea benchi. Baada ya ibada, tukipeana mikono mlangoni, bibi mmoja wa mtaa wetu akanishika mkono na hakuuachia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Ile kamba iko kitabu gani, mstari gani? Nataka mjukuu wangu anisomee jioni, macho yangu ndiyo haya."

Nikamwambia nitamtafutia. Nikapekua Kutoka 28, nikapekua Walawi 16, nikamaliza Waebrania yote. Kamba hakuna. Niliyoisikia kwa mhubiri mwingine, naye bila shaka aliisikia kwa mwingine, sasa ilikuwa yangu, na bibi alikuwa anasubiri.

Jibu nililipata wiki mbili baadaye katika maktaba ya chuo kimoja cha theolojia, kwenye kitabu kinene kinachofafanua Walawi peke yake. Mwandishi hakutumia hata nusu ukurasa. Habari ya kamba haimo katika Biblia. Inaonekana katika Zohar, kitabu cha mafumbo cha Kiyahudi kilichojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, wakati hekalu lilikuwa limebomolewa tangu mwaka 70. Kisha akaongeza neno lililonichoma zaidi: Siku ya Upatanisho, anapoingia Patakatifu pa Patakatifu, kuhani mkuu hakuwa na njuga. Walawi 16:4 inasema alivaa kanzu ya kitani. Lile joho lenye njuga la Kutoka 28 alikuwa ameliweka kando. Mstari huo nilikuwa nimeusoma mara nyingi, wala sikuwahi kuuona.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu ugomvi mwingi kuhusu vitabu vya ufafanuzi, kuanzia vikao vya wazee hadi makundi ya WhatsApp ya wahubiri, unazungukia jambo hilohilo. Wapo wanaosema mhubiri anayefungua vitabu vya watu amemzimisha Roho. Wapo wanaopanda mimbarani na kurasa walizonakili Jumamosi usiku, wakazisoma kama zilivyo, pamoja na mifano ya theluji na mashamba ya Uingereza. Na tangu mambo ya Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ambako waumini walifunga mpaka kufa kwa kumfuata mhubiri wao, yalipofichuka mwaka 2023 na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, muumini wa kawaida naye ameanza kuuliza: huyu anayetufundisha anahakikisha wapi anachosema?

Tafsiri, ufafanuzi na majirani zake

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Neno "tafsiri" linabeba mizigo miwili. Kuna tafsiri ya kutoa maneno lugha moja kuyaleta nyingine, kama Biblia ya Union au Habari Njema. Na kuna tafsiri ya kueleza maana, kama tunavyosema tafsiri ya ndoto. Ndiyo maana mtu anauliza "wewe unatumia tafsiri gani?" na wawili wakajibu mambo tofauti kabisa.

Kitabu cha ufafanuzi, ambacho wanafunzi wa theolojia hukiita komentari, ni cha aina ya pili. Kinachukua kitabu kimoja cha Biblia, au Biblia nzima, kikakipitia sura kwa sura, fungu kwa fungu, kikieleza neno hili lilimaanisha nini, nani aliandikiwa, kulikuwa na nini mjini kwao, na wasomaji waliotangulia walielewaje. Waislamu wa pwani wanaijua vizuri tofauti hii. Katika Qurani ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, tafsiri ya aya na maelezo yake vimo katika jalada moja, lakini msomaji anajua hapa ni aya na hapa ni sheikh anaeleza.

Mfano wa karibu zaidi uko shuleni. Aliyesoma sekondari Kenya au Tanzania anakumbuka vitabu teule vya fasihi, na anakumbuka pia ule mwongozo au uchambuzi mwembamba uliouzwa kando yake: dhamira, wahusika, mandhari, tamathali za usemi, kila kitu kimepangwa. Mwongozo ulimsaidia sana aliyekwisha kusoma riwaya. Ulimharibu aliyeusoma badala ya riwaya, kwa sababu alijua dhamira zote sita na hakujua mhusika mkuu alikufaje. Mwalimu alimtambua kwenye swali la kwanza. Na waumini humtambua mhubiri wa namna hiyo, ingawa kwa heshima hawasemi.

Ufafanuzi una majirani ambao watu huwachanganya nao. Itifaki ni orodha ya maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana. Ukikumbuka "imani" na "haradali" lakini umesahau sura, itifaki inakufikisha. Kamusi ya Biblia inaeleza vitu na watu: Mafarisayo, denari, Efeso. Biblia ya kujifunzia ni Biblia yenyewe ikiwa na maelezo mafupi chini ya ukurasa, yaani ufafanuzi uliobanwa ukabaki kiganja.

Hapo kwenye Biblia ya kujifunzia ndipo kosa moja limeota mizizi. Mtu anasoma yale maandishi madogo ya chini, kisha anasimama na kusema "Biblia inasema." Haisemi. Anayesema ni mwandishi wa maelezo. Hata vichwa vya habari vilivyowekwa juu ya mafungu ni vya wachapishaji, na namba za mistari katika Agano Jipya tunazozitumia leo ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakuandika "mstari wa 13" popote.

Habakuki hana maji

Sasa tuingie jikoni. Chukua Habakuki 2:2, mstari unaobandikwa ukutani kila Januari makanisa yanapozindua maono ya mwaka: "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kuisoma kama maji." Nimewahi kumsikia mhubiri akijenga mahubiri mazima juu ya yale maji. Maono ni kama maji, maono husafisha, maono hukata kiu, pasipo maono shamba hukauka. Watu waliitikia sana.

Katika Kiebrania cha mstari huo hakuna maji. Kuna kitenzi cha kukimbia: iandike wazi, ili anayeisoma akimbie. Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, walielewa kwamba kukimbia huko ni kusoma kwa wepesi bila kukwama, wakatafuta nahau ya Mswahili mwenyewe. Tukimsifu mtoto anayesoma vizuri tunasema anasoma kama maji. Kazi yao ilikuwa nzuri, tena ya kishairi. Ni sisi tuliokuja nyuma na ndoo.

Hilo huwezi kuliona kwa kuisoma Biblia ya Kiswahili peke yake, hata ukifunga siku 40. Ndiyo kazi ya kwanza ya ufafanuzi: kukuonyesha mahali ambapo maandishi hayasemi unachodhani yanasema.

Nikiandaa somo hilo naanza Jumatatu bila kitabu cha mtu yeyote. Habakuki ana sura tatu tu. Nazisoma zote kwa sauti, muda wake haufiki nusu saa. Kisha naandika maswali, na simaanishi ya kitaalamu. Njozi gani hii? Kwa nini vibao na si gombo? Nani anayekimbia? "Ijapokawia, ingojee": ikawie mpaka lini? Na kwa nini nabii alikuwa na hasira tangu sura ya kwanza? Jumanne nasoma fungu hilo katika tafsiri nyingine ya Kiswahili, na mahali zinapotofautiana naweka alama. Jumatano ndipo nafungua ufafanuzi, kwa maana sasa nina la kumuuliza. Ukienda bila maswali, mfafanuzi atakujibu maswali ya watu wa kwao.

Nikifungua nakuta nini? Nakuta kwamba nabii alikuwa analalamika juu ya udhalimu wa watu wake mwenyewe, Mungu akamjibu kwamba analeta Wakaldayo, yaani Wababeli, na jibu hilo likamtisha kuliko tatizo. Nakuta kwamba njozi ni jibu la Mungu kuhusu mdhalimu huyo: mwenye kiburi ataanguka, mwenye haki ataishi kwa imani yake, kisha zinafuata zile "Ole" tano. Nakuta wafafanuzi hawakubaliani kuhusu mkimbiaji. Wengine wanasema ni msomaji anayesoma kwa wepesi kama aliye mbioni, wengine wanasema ni mjumbe anayesoma kisha anakimbia kupeleka habari. Hawakubaliani pia njozi yenyewe inaishia mstari gani. Na nakuta tarehe. Babeli iliinuka kuwa dola kubwa karibu mwaka 605 KK, na ilianguka mikononi mwa Waajemi mwaka 539 KK. "Ijapokawia" ya Habakuki ilikuwa ya miaka zaidi ya 60. Wengi walioisikia walizikwa kabla haijatimia.

Sasa bandika hiyo ukutani Januari.

Lakini katika hayo yote, mimbarani nachukua machache. Mjumbe na msomaji sivigusi, labda mtu aniulize baadaye. Miaka 60 naichukua, kwa sababu mbele yangu ameketi mama ambaye kesi ya shamba lake imelala mahakamani tangu mwanawe hajazaliwa. Ufafanuzi haumjui mama huyo. Mimi namjua. Mgawanyo wa kazi ni huo.

Pale Kiswahili kinapotangulia

Vingi kati ya vitabu hivi viko kwa Kiingereza. Vya Kiswahili vipo, lakini ni vichache. Hali hiyo huwafanya wengine wajione wanyonge, na unyonge huo hauna sababu yote. Mfafanuzi wa Kiingereza anaweza kutumia aya nzima kuwaeleza wasomaji wake kwamba katika 1 Wakorintho 3:16 anayeitwa hekalu la Mungu si mtu mmoja mmoja bali kusanyiko lote, kwa sababu Kiingereza cha leo hakitofautishi wewe na ninyi. Biblia yako imekwisha kusema: "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu." Luka 22:31 na 32 ni hivyohivyo. Shetani "amewataka ninyi," wanafunzi wote, lakini "nimekuombea wewe," Simoni. Mswahili anaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa. Ruka aya hiyo, usonge mbele.

Pengine inakuwa kinyume. Katika Yohana 3:8, upepo unaovuma na Roho anayezaa ni neno moja tu katika Kiyunani, Yesu anachezea maana zake mbili. Kiswahili kimelazimika kutumia maneno mawili, na mchezo ukapotea. Hapo mfafanuzi anahitajika.

Angalia pia anafafanua tafsiri gani. Wafafanuzi wa kale wa Kiingereza waliandika juu ya Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, na mara nyingine wanahangaika na neno gumu la Kiingereza cha kale ambalo kwako halipo kabisa. Ukilitafsiri hangaiko lao na kulipeleka kwa wasikilizaji wako, umewaletea dawa ya ugonjwa ambao hawana.

Anayezungumza ni nani, na alizaliwa lini

Ukipakua programu ya Biblia kwenye simu, utapewa ufafanuzi wa bure. Jina utakalokutana nalo kwanza mara nyingi ni Matthew Henry. Watu wengi humnukuu wakidhani ni mchungaji fulani aliye hai huko Marekani. Alikuwa Mwingereza, alizaliwa 1662, akafa 1714 akiwa amefika mwisho wa Matendo ya Mitume. Nyaraka na Ufunuo vilimaliziwa na wachungaji wenzake. Wakati anakufa, miaka 130 ilikuwa imebaki kabla mmisionari Johann Ludwig Krapf hajatia mguu Mombasa, na miaka 233 kabla ya magombo ya Qumran, yenye nakala za kale sana za Maandiko, kuanza kupatikana karibu na Bahari ya Chumvi mwaka 1947. Yupo bure kwa sababu hakimiliki yake imekwisha zamani. John Gill, Adam Clarke na Albert Barnes wamo humo kwa sababu hiyohiyo.

Simkatai. Kwa kuigusa roho ya msomaji na kumpeleka magotini, Matthew Henry bado hana wengi wa kumfikia. Lakini ukimuuliza habari za mji wa Ninawi, ambao ulianza kufukuliwa katikati ya karne ya 19, unamwonea mzee wa watu. Muulize anachokijua.

Swali la pili ni la ukoo wa imani. Kila mfafanuzi amekaa kwenye benchi la kanisa fulani. Mathayo 16:18, "juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu," Mkatoliki anaona Petro na waandamizi wake. Waprotestanti wengi wa zamani waliona ukiri wa Petro, si Petro mwenyewe. Wafafanuzi wengi wa Kiprotestanti wa siku hizi wanakubali kwamba mwamba ni Petro, ila wanakataa habari za waandamizi. Ufafanuzi wa Waadventista Wasabato wa majalada saba uliotoka miaka ya 1950 utakuwa na mengi ya kusema juu ya Danieli ambayo Mlutheri hatayasema. Kuhusu kunena kwa lugha katika 1 Wakorintho 14, mwandishi wa Kipentekoste na wa Kibaptisti wanaweza kuachana mlangoni kabisa. Na Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16 aliyefafanua karibu Agano Jipya lote, Ufunuo hakuuandikia ufafanuzi. Wakati mwingine natamani wahubiri wa barabarani wamwige.

Dawa yake ni kusoma wawili, na mmoja wao awe wa benchi jingine. Wakipatana kwenye jambo, umepata ardhi ngumu. Wakigombana, umejua mahali pa kukanyaga taratibu.

Barua kwa kanisa la Laodikia inaonyesha faida ya ugomvi huo. Ufunuo 3:15 inasema heri ungekuwa baridi au moto. Tumezoea kufundisha kwamba moto ni mwenye bidii, baridi ni aliyekufa kiroho, vuguvugu ni wa kati. Lakini kwa nini Kristo atamani mtu awe amekufa kiroho? Wafafanuzi kadhaa wa karne ya 20 walitazama ramani. Upande mmoja wa bonde ulikuwa mji wa Hierapoli, wenye chemchemi za moto zinazotoka hadi leo huko Pamukkale, Uturuki. Upande mwingine ulikuwa Kolosai, wenye maji baridi ya mlimani. Maji ya moto yanafaa kuoga na kutibu, ya baridi yanafaa kunywa. Laodikia ilikuwa na yasiyofaa kwa lolote. Basi baridi na moto vyote viwili ni vyema! Maelezo hayo yakapendwa sana. Kisha wengine wakaja wakasema tusikimbilie ramani, picha hii yaweza kuwa ya mezani tu, kwa kuwa watu wa enzi hizo walipenda kinywaji kilichopashwa au kilichopozwa. Mimi nayaona ya kwanza kuwa na nguvu zaidi. Lakini angalia: wote wawili wameifukuza ile tafsiri niliyokulia nayo, na wote wanafikia hapohapo, kwamba kanisa hilo lilikuwa halifai kitu.

Kununua

Dukani kuna aina tatu kwa ujumla. Ipo ya ibada, inayosema na moyo na kupita maneno magumu haraka. Ipo ya katikati, iliyoandikwa kwa wahubiri na walimu. Inaeleza historia na maana bila kukutaka ujue Kiyunani, na huyu ndiye rafiki wa wengi wetu. Na ipo ya kitaalamu, yenye herufi za Kiebrania zilizokaa ukurasani kama siafu. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kutumia kurasa 20 kwa mistari mitano. Ukinunua hicho kwa sababu ni kinene na cha bei kubwa, kitapendeza sana kabatini.

Kabla ya kununua, kijaribu kama unavyoitikisa nazi sikioni sokoni. Chagua mstari mmoja mgumu unaoujua, mimi hutumia 1 Wakorintho 15:29, habari ya wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Fungua hapo. Mwandishi akiupita kimya kama aliyeona mdeni wake barabarani, nazi haina maji. Akikuambia maana ni moja tu na hakuna aliyewahi kufikiri vingine, rudisha rafuni. Akikupa maoni mawili matatu, akasema lipi linamshawishi na kwa nini, huyo mchukue.

Kuhusu ufafanuzi wa Biblia nzima kwa jalada moja, upo ule uliozinduliwa Nairobi mwaka 2006 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria. Uliandikwa na waandishi 70, wote Waafrika, na katikati ya sura mna makala fupi za mambo kama UKIMWI, uchawi na wakimbizi. Kwa undani hauwezi kushindana na kitabu kinachofafanua Warumi peke yake, hakuna jalada moja linaloweza. Lakini mwandishi wake akifika kwenye vita vya ndugu katika Waamuzi hahitaji kuelezwa ukabila ni nini.

Usinunue seti nzima kwa mkopo. Ukiwa utahubiri Marko miezi mitatu, nunua kitabu kimoja kizuri cha Marko. Mwaka kesho kimoja cha Mwanzo. Wahubiri wawili wa mitaa jirani wanaweza kununua tofauti na kuazimana. Na kama una hela ya kitabu kimoja tu maishani, ningekuambia uanze na Biblia ya pili, ya tafsiri tofauti na uliyo nayo, kisha itifaki. Ufafanuzi uje wa tatu.

Simu nayo imeleta lake: programu za akili mnemba zinazokujibu kila swali kwa ufasaha. Zinasaidia kutafsiri ukurasa wa Kiingereza, ila zinaweza kukupa kamba ya kuhani kwa sauti ya profesa, na pengine kukutajia kitabu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Dai lolote usilolikuta katika Biblia yako au katika kitabu unachoweza kukishika, liache.

"Lakini Roho atatufundisha yote"

Hoja hii hutolewa kwa Yohana 14:26, nami siidharau, kwa sababu mara nyingi hutolewa na watu wanaoomba kuliko mimi. Lakini Matendo ya Mitume 8 inatuonyesha towashi wa Kushi akisoma Isaya garini. Roho alikuwa na uwezo wa kumfunulia hapohapo. Badala yake alimwambia Filipo asogee karibu na gari. "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Na Paulo, akiwa kifungoni anangoja kufa, alimwagiza Timotheo joho "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Tena wengi wanaokataa vitabu vya ufafanuzi hawakatai wafafanuzi, wanao, tofauti ni kwamba wako kwenye kaseti, redioni au kwenye video, na hawawezi kurudi ukurasa wa nyuma kuwahakiki.

Ukitumia wazo la mtu, sema. "Mfafanuzi mmoja anaeleza kwamba" inatosha kabisa mimbarani, huhitaji kusoma jina la mchapishaji. Kilicho wizi ni kusoma aya za mtu neno kwa neno ukisema "Bwana alinifunulia usiku wa kuamkia leo." Na ukigundua ulikosea, hapo pia useme.

Nilirudi kwa yule bibi. Nikamkuta anachambua mchele barazani, nikamweleza kuhusu Zohar kwa kadiri nilivyoweza, nikamsomea Walawi 16:4. Akasikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo mara mbili.

"Kwa hiyo hakuna kamba."

"Hakuna, bibi."

"Basi Jumapili waambie na wenzangu."

Nikawaambia. Mpaka leo wapo wanaoisimulia ile kamba, na wanasema waliisikia kwangu.